Simu Moja kwa Waziri

Parminder Kaur alishuka London Jumanne ya mwisho ya Februari, mwaka 1968. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, sanduku moja, na koti la marehemu mama yake lililokuwa fupi mikononi. Baba yake, Avtar Singh, alibaki Nakuru. Walikuwa wamekusudia kuja pamoja, lakini wiki ile kila Mhindi wa Kenya mwenye pasipoti ya Kiingereza alikuwa akigombania ndege, kwa sababu habari zilishavuja kwamba Waingereza wanataka kufunga mlango. Tikiti ikapatikana moja. Mzee akampa binti yake, akamwambia, "Tangulia. Mimi nafunga nyumba, nakuja wiki ijayo."

Ijumaa ya wiki ileile sheria ikawa imepita. Bungeni iliwachukua siku chache tu. Tangu hapo pasipoti ya Kiingereza haikumtosha tena Mhindi wa Afrika Mashariki. Ilimpasa apate na vocha, na vocha za mwaka mzima zilikuwa chache, foleni yake haina mwisho. Ila mtu ambaye baba yake au babu yake alizaliwa Uingereza, huyo hakuulizwa kitu. Babu yake Parminder alizaliwa Punjab, akaja Kenya kutandika reli.

Mimi nilimjua kiwandani Hayes, pembeni mwa London, kwenye biskuti. Siku ya kwanza nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa akiitukana mashine ya kufungia pakiti kwa Kiswahili: "Wewe mashine, unaniona mimi mjinga?" Nilicheka mpaka msimamizi akanitazama. Sisi tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mimi na mume wangu Himid, na hiyo ni hadithi nyengine. Lakini tangu tuje sikupata kusikia Kiswahili mahali nisipokitarajia. Nikamwendea nikamwambia, "Mashine hiyo ni ya kwao, haifahamu. Itukane kwa Kiingereza."

"Na wewe umetoka wapi?" akaniuliza.

"Unguja. Naitwa Sheikha."

"Basi, Sheikha, nifundishe matusi yao, kwa sababu yangu yamekwisha."

Kiswahili chake kilikuwa cha nyumba za reli za Nakuru, hakina salamu ndefu wala hakipaki mafuta. Changu alikiita cha msikitini. Tukawa marafiki kwa kubishana.

Mwezi wa Aprili akaniomba nimsindikize kwa mbunge. Mbunge wa kwetu alikuwa na kawaida ya kukaa na watu kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Wenyewe huliita jambo hilo "surgery", jina la chumba cha daktari. Sisi tukaliita baraza. Mtu unaingia, unakaa kwenye benchi, zamu yako ikifika unamweleza shida yako. Jina la ukoo la mbunge huyo lilitushinda wote, kwa hivyo watu wakawa wanamwita Bwana Justin. Alikuwa mrefu, mwembamba, sweta lake limetoboka kiwikoni. Alimsikiliza Parminder mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo peke yake lilinishangaza. Kisha akachukua karatasi yenye nembo ya Bunge na kuandika palepale barua ya kuulizia faili la Avtar Singh.

Alipomaliza akamwuliza, "Unajua kuchapa?"

"Nilikuwa karani wa reli."

"Na lugha?"

"Kiingereza, Kipunjabi, Kiswahili. Na Kigujarati cha dukani."

Bwana Justin akatupa jicho kwenye benchi lililojaa watu nyuma yetu. "Jumamosi una kazi gani?"

Ndivyo alivyoanza. Mimi nikajikuta naandika majina mlangoni na kuchemsha maji ya chai, kwa sababu Parminder hakupenda kwenda peke yake. Aliporudia jina lake mara tatu na yule bwana asilishike, akamwacha amwite Pam.

Nisimdhulumu mtu. Bwana Justin alisaidia watu. Familia moja ya watu sita ilikaa chumba kimoja ambacho ukuta wake ulikuwa ukitoa maji kama jasho, kaunsili imewazungusha mwaka mzima. Aliandika barua mbili, ya tatu akaenda mwenyewe, akapangusa ukuta kwa leso yake mbele ya afisa wa nyumba. Walihamishwa kabla ya Krismasi. Abdulwakil, ndugu yake Himid, alikuwa mtaalamu wa dawa kwetu, lakini vyeti vyake vilipotea katika yale mambo ya sitini na nne, na hapa akawa anafagia wodi. Bwana Justin alifukua barua za watu waliosoma naye, akazipeleka mahali panapohusika, na baada ya miezi kumi na mitano Abdulwakil akavaa koti jeupe. Watoto waliotiwa darasa la wazito wa kufahamu kwa sababu tu hawakuelewa lafudhi ya mwalimu, wajane ambao pensheni zao zilisahauliwa, watu waliotolewa vyombo vyao nje na mwenye nyumba: wote walipita mle. Yeye alizungumza na kutia saini. Parminder alitafsiri, akauliza yale ambayo mtu aliona haya kuyasema, akapanga maneno, akachapa. Barua ikitoka imenyooka ni kwa sababu imepita mikononi mwake.

Lakini hakuna hata muswada mmoja ulioletwa Bungeni kwa jina la Bwana Justin. Kila mwaka, wabunge wa kawaida hutia majina yao katika kura ya bahati, na anayetoka hupata nafasi ya kuleta muswada wake. Parminder aliyasoma hayo gazetini, akamwuliza kwa nini hatii jina.

"Ili nilete nini?"

"Wa kuondoa hizi vocha."

Akacheka, si kwa ubaya. "Pam, muswada wa namna hiyo utafia mezani kabla ya chakula cha mchana. Barua hufika. Mimi ni mtu wa barua."

Faili la baba yake nalo likajibiwa: limepokelewa, litashughulikiwa kwa zamu yake. Mwaka wa pili, vilevile. Huko Nakuru, Avtar Singh alikwishapoteza kazi ya reli aliyoifanya miaka thelathini, maana yeye si raia wa Kenya, na nyumba ya reli ikaondoka na kazi. Akapewa chumba katika gurdwara, hekalu la Masingasinga. Wengine walikuwa wakija bila vocha, wakibahatisha. Walifungwa uwanja wa ndege, wakarudishwa, wakaja tena, wakarushwa nchi hii na ile kama mpira. Parminder akamwandikia baba yake ajaribu na yeye. Barua ya mzee alinisomea chumba cha kulia kiwandani, akinitafsiria. Mzee aliandika, "Niliambiwa nyumba hiyo ni yangu. Sitaingia kwa dirisha katika nyumba yangu."

"Kichwa kigumu," Parminder akasema. Akaikunja barua, na saa ya chakula ikaisha hajagusa mkate wake.

Mwezi wa Juni mwaka 1971, asubuhi ya Jumamosi, ilikuja simu ya maandishi kutoka gurdwara ya Nakuru. Avtar Singh yuko hospitali, kifua kimembana, daktari anasema ni vyema awe karibu na mwanawe. Bwana Justin alikwishamwahidi Parminder kwamba siku barua zikishindwa atampigia simu waziri mwenyewe anayehusika na vocha, nyumbani kwake. Kwa hivyo Parminder alifika barazani mapema, ameishika ile karatasi.

Kabla hajaketi akaingia mtu anahema, anaitwa Hemant. Tulimjua, alikuwa na duka la magazeti karibu na stesheni. Dada yake, Bhanu, mjane wa Kisumu, alikuwa amezuiliwa uwanja wa ndege siku ya tatu na mabinti zake wawili, hawana vocha. Walikwisharushwa mara mbili. Jioni ile walikuwa wanapandishwa ndege tena, na safari hii hakuna aliyejua ni nchi gani itakayowapokea.

Bwana Justin akamwambia Hemant asubiri nje, akafunga mlango. Mle ndani tukabaki yeye, Parminder, na mimi nimeshika birika.

"Mwezi huu nimeshamsumbua waziri mara mbili," akasema. "Simu ya leo ndiyo ya mwisho atakayoipokea kwa uzuri. Nikimpa majina mawili atanipa moja, au atanikatia yote." Akaandika jina la Bhanu kwenye karatasi, akaisogeza mbele ya Parminder pamoja na ile simu ya maandishi, moja kushoto na moja kulia. "Wewe unawajua watu wenu. Niambie nimpigie kwa nani."

Wallahi, sijasahau jinsi alivyozisogeza. Kwa upole, kama mtu anayekukaribisha chakula.

Mlango ulikuwa na kioo cha ukungu, na nyuma yake kilionekana kivuli cha Hemant kinatembea, kinasimama, kinatembea. Parminder alikiangalia kile kivuli muda mrefu hata nikaona birika linaniunguza mkono.

"Huyo mama anapandishwa ndege leo," akasema mwishowe. "Baba yangu yuko kitandani. Kitanda hakiruki."

"Una hakika?"

"Piga."

Akapiga. Walianza kwa kuzungumza habari za kriketi, wakacheka kidogo, kisha akataja jina la Bhanu na mabinti zake. Haikufika dakika kumi na tano. Jioni Bhanu alitoka uwanjani amewashika watoto wake, na Jumamosi iliyofuata Hemant alikuja na maua, akainama kutaka kumgusa Bwana Justin miguu. Bwana Justin akaona haya, akasema, "Ni kazi yangu tu." Parminder alikuwa kwenye taipureta, amewapa mgongo.

Siku ile ya simu, tulipokuwa kwenye basi tunarudi, aliniambia, "Mwezi ujao waziri atakuwa amepoa. Tutamtia Baba mwezi ujao."

"Inshallah," nikamwambia.

Avtar Singh alifariki siku ya kumi na moja. Wazee wa gurdwara ndio waliomchoma, maana Parminder hakuweza kufika kwa wakati. Vocha ya mzee ilitoka mwezi wa Agosti. Parminder aliletewa kutoka Nakuru pamoja na saa ya mkononi ya mzee na kilemba kimoja. Jina la baba yake lilichapwa vizuri, halina kosa hata la herufi, na Parminder, ambaye jina hilo alishalirekebisha kwenye fomu mara ngapi sijui, alilipitishia kidole akasema, "Sasa wamejua kuliandika."

Hakuacha kuja. Nilidhani ataacha.

Mwezi wa Oktoba alikwenda maktaba kutafuta maneno kamili ya ile sheria, kwa ajili ya kesi ya mtu mwengine. Mkutubi akamletea na kitabu kikubwa cha mijadala ya Bunge, akidhani kitamfaa. Mwisho wa mjadala huorodheshwa majina ya waliokubali na ya waliokataa. Wako waliokataa, na si wachache, wa chama cha Bwana Justin na wa upande wa pili. Jina lake mwenyewe halikuwamo humo. Lilikuwa kwa waliokubali, safu ya pili.

Alilinakili kwa mkono wake, na namba ya ukurasa. Jumamosi akangoja mtu wa mwisho atoke. Mimi nilikuwa naosha vikombe, akaniambia, "Usiondoke, Sheikha."

Akaiweka karatasi mezani. Bwana Justin akaisoma, akavua miwani.

"Mlango uliufunga wewe," Parminder akamwambia.

"Nilikuwa mbunge mpya. Chama kiliamuru. Na hapa jimboni, wiki ile, nililetewa magunia ya barua za kutaka mlango ufungwe. Ningepinga ningetolewa, na ambaye angekuja mahali pangu asingewafungulieni hata ukumbi huu. Hilo unalijua."

"Labda."

"Nimeandika barua ngapi kwa ajili ya watu wenu? Wewe ndiye unayezichapa."

"Nimezichapa. Miaka mitatu nilidhani tunawaandikia waliofunga mlango. Kumbe mmoja wao ananisomea maneno ya kuchapa."

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Naamini aliumia, sikatai. Lakini mtu akiumia hutafuta pa kuegemea, na yeye akaegemea mahali pabaya. Akasema kwa sauti ya chini, "Na ile siku ya simu, Pam, nilikuachia wewe uchague."

Parminder akasimama. Akaifunika taipureta kwa kitambaa chake, pole pole, pembe zote nne, akachukua koti akatoka. Nilimkuta kituo cha basi. Hakuwa analia. Aliniuliza, "Amesema uongo?"

Nikamshika mkono, tukaliacha basi la kwanza likapita.

Wiki nzima nilikuwa namsema yule bwana kwa Himid na kwa yeyote aliyenisikiliza. Ikafika Jumamosi, saa tatu kasorobo, Parminder akanibishia hodi.

"Unakwenda wapi?"

"Barazani."

"Kwa mtu yule? Una wazimu?"

"Nani atawasemea wale wa kwenye benchi? Yeye Kiswahili chake ni jambo na asante." Akanitazama kama kwamba mimi ndiye niliyepiga kura ile. "Ufunguo anao yeye, Sheikha. Ningekuwa nao mimi nisingekwenda."

Kwa hivyo tukaenda. Lakini aliihamisha meza yake, akaitoa chumbani kwa Bwana Justin, akaiweka ukumbini pamoja na watu. Chai aliyomimina yule bwana hakuinywa tena. Na kila Novemba, wakati wa ile kura ya bahati ya miswada, alimwuliza swali moja, mbele ya watu: "Umetia jina?" Bwana Justin naye alijibu kila Novemba, "Mwaka huu hapana." Mwaka wa sabini na mbili walipofukuzwa wa Uganda, ukumbi ulijaa mpaka uani kwa kanisa, na wawili hao walifanya kazi kutoka asubuhi mpaka jua kuzama, wakizungumza na kila mtu isipokuwa wao kwa wao.

Mwaka 1979 Bwana Justin akastaafu. Alifanyiwa sherehe katika ukumbi wa skuli, sambusa na keki, watu mia tatu na zaidi. Aliposimama kuhutubia alisema, "Sikuleta muswada hata mmoja katika maisha yangu ya Bunge. Muswada wangu ni ninyi." Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta macho. Kisha akamshukuru "Pam wetu, malaika wa taipureta," akamwomba asimame.

Akasimama. Nikamvuta nguo nikamwambia, "Sema." Ukumbi mzima ulimgeukia. Yeye akasema, "Asante," akaketi.

Nilimkasirikia. Njiani nikamwuliza miaka yote hii alikuwa anaihifadhi ile karatasi ya maktaba kwa ajili gani, kama siku kama ile hakuitoa.

"Nimseme mbele ya nani?" akaniambia. "Nusu ya watu mle ndani wana nyumba kwa barua zake. Niwaambie nini? Wazirudishe?"

Aliolewa na dereva wa treni, akapata watoto wawili, wakahamia Lewisham. Hakugusa taipureta tena. Ofisi ya ushauri ya mtaa ule ilimtaka mara mbili, akakataa mara mbili. Watoto wake ukiwasemesha Kiswahili wanakufahamu na kukujibu kwa Kiingereza. Kuhusu babu yao wanajua kwamba alikuwa fundi wa injini Nakuru na alikufa kwa kifua. Zaidi ya hayo hakuwaambia.

Bhanu ndiye aliyekuwa hakosi kumtembelea. Kila Diwali alikuja na masanduku ya peremende, na mabinti zake, mmoja mwalimu, mmoja muuguzi. Alimpenda Parminder kama dada, kwa kuwa alijua ndiye aliyechapa barua zake za baadaye, za nyumba na za skuli. Ile simu yenyewe hakujua ilivyopigwa. Hemant alikuwa nje ya mlango. Parminder aliniapisha, akasema, "Ukimwambia atanibeba mgongoni maisha yake yote, na watoto wake. Waache wale peremende." Lakini Bhanu akishaondoka yale masanduku aliyagawa kwa majirani, hakula hata moja. Niliona hivyo mwaka hata mwaka.

Parminder alifariki miaka miwili iliyopita, mwezi wa Machi, kifua vilevile. Tulipotoka kumchoma, Bhanu alinishika mkono. Alikuwa amekonda, anatembelea fimbo, na yeye mwenyewe hakumaliza mwaka. Kiswahili chake cha Kisumu hakikuwa kimemtoka hata kidogo.

"Sheikha," akaniambia, "leo nimemkumbuka Bwana Justin. Yule alikuwa mtu. Hanijui, hajapata kuniona, na alinipigia simu kwa waziri. Angekuwa hai angekuja kumzika Pam."

Binti yake muuguzi alikuwa ameshafungua mlango wa gari, anatungoja kwenye baridi. Nilimwapia Parminder nisiseme, na hata saa moja ilikuwa haijapita tangu tumchome.

"Ndiyo, Bi Bhanu," nikamwambia. "Simu ilipigwa."